Kabla ya Kusema Mzee Amechanganyikiwa, Pima Masikio Yake

Je, msomaji, nyumbani kwako kuna mzee ambaye ukimwuliza kama amekula, anakujibu kwamba mvua ilinyesha jana? Je, yuko nyanya ambaye siku hizi haji tena kuketi na wengine jioni, na akija hukaa kimya hadi wakati wa kulala? Je, redio ya babu imekuwa ikiongezwa sauti kila mwezi hata majirani wakaanza kunung'unika?

Katika nyumba nyingi jibu la maswali haya huwa moja tu: "Ni uzee." Wengine husema mzee amekuwa mkaidi, na wengine kwamba akili zimeanza kumtoka. Kutoka hapo watu huacha kumweleza mambo. Huzungumza juu yake akiwa ameketi papo hapo, kama kwamba hayupo.

Mara nyingi mzee huyo akili yake ni timamu. Kinachomsumbua ni masikio. Na ingawa uziwi wa uzeeni kwa kawaida hauponi, mtu aliye nao anaweza kusaidiwa sana arudi katika mazungumzo ya watu. Msaada huo ndio tunaoueleza leo, kwa kuwa sehemu yake kubwa haifanywi na daktari. Inafanywa na wewe unayeishi na mzee huyo.

Sikio linavyochakaa

Sauti huingia kwa tundu la sikio na kutikisa ngozi nyembamba iitwayo ngoma ya sikio. Mtikiso huo hupitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi sikio la ndani, ambako kuna kiungo kilichojipinda mfano wa konokono. Ndani ya konokono hiyo mna chembe zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo sana. Hizo ndizo zinazogeuza mtikiso kuwa ujumbe unaopelekwa kwenye ubongo.

Chembe hizo mtu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Miaka inavyopita hupungua moja baada ya nyingine. Hupungua haraka zaidi kwa mtu aliyefanya kazi penye kelele, kama vile kwenye mashine ya kusaga mahindi au karakana ya jua kali. Ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na uvutaji wa sigara pia huchangia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba zinazokufa kwanza ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Katika usemi wetu vokali, yaani a, e, i, o na u, ni sauti nzito na zenye nguvu. Lakini konsonanti kama s, f, t, k, ch na sh ni nyembamba na hafifu. Kwa hiyo mzee huanza kupoteza konsonanti huku vokali akiendelea kuzisikia vizuri.

Chukua maneno haya manne: paka, pata, kata na taka. Ukiondoa konsonanti, yote manne ni "a-a". Mzee anasikia kwamba umesema, lakini hajui umesema lipi kati ya hayo. Ndiyo maana wazee wengi hulalamika hivi: "Nasikia unaongea, ila sielewi unachosema." Hayo si maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Ni maelezo sahihi kabisa ya ugonjwa wake.

Sasa fikiria mzee huyo yuko kwenye dirisha la dawa. Anaambiwa, "Usimeze dawa hii kabla ya kula." Katika Kiswahili katazo lote limebebwa na silabi moja fupi, "si", yenye sauti nyembamba. Ikipotea, mzee amesikia, "Umeze dawa hii kabla ya kula." Anakwenda nyumbani na kufanya kinyume cha alichoagizwa, tena kwa moyo wa utiifu. Siku akirudi amezidiwa, ataambiwa kwamba hafuati maagizo.

Kwa nini kupiga kelele hakusaidii

Wengi wetu tukiona mzee hasikii, tunapaza sauti. Lakini anayepiga kelele huongeza nguvu ya vokali, ambazo mzee alikuwa akizisikia tayari. Konsonanti hubaki hafifu vile vile, tena hufunikwa na vokali hizo.

Isitoshe, sikio lililochakaa halivumilii sauti kubwa. Sauti ndogo hailifikii, lakini ikipita kiwango fulani kidogo tu huwa kali na ya kuumiza. Ndipo mzee husema, "Mbona unanigombeza?" Uso wa anayepiga kelele nao hujikunja kama wa mtu mwenye hasira, na mzee asiyesikia maneno husoma uso. Wawili hao huachana kila mmoja ameudhika, na hakuna kilichoelezwa.

Si kila uziwi ni uzee

Kabla ya kukubali kwamba ni uzee, yako mambo ya kuchunguzwa, kwa kuwa baadhi yake hutibika kwa siku moja.

La kwanza ni nta iliyoganda sikioni. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani unakadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya wazee wana nta iliyojaa. Kuna mzee anayehesabiwa kuwa kiziwi kwa miaka mingi, kumbe kinachohitajika ni muuguzi kumsafisha masikio kwa njia ya salama. Nta ikiwa ngumu hulainishwa kwanza kwa matone. Lakini usimtie mzee kitu chochote sikioni kabla hajaangaliwa, kwa kuwa ngoma ya sikio ikiwa na tundu, matone yanaweza kuleta madhara.

La pili ni usaha. Sikio linalotoa usaha au harufu lina ugonjwa na linahitaji matibabu, hata kama limekuwa hivyo tangu utotoni. La tatu ni dawa. Dawa kama kwinini, na sindano za aina ya streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini, zinaweza kudhuru kusikia. Wako wazee waliotibiwa kifua kikuu kwa baadhi ya sindano hizo miaka ya nyuma, na uziwi wao ulianzia hapo.

Usimsafishe mzee masikio kwa pini, njiti ya kiberiti, ufunguo au kijiti chenye pamba. Vitu hivyo husukuma nta ndani zaidi na vinaweza kutoboa ngoma. Vile vile usimtie mafuta ya moto, mafuta ya taa wala maji ya majani.

Ziko dalili zisizongoja. Mzee akipoteza kusikia ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, mpeleke hospitali mara moja. Uziwi wa ghafla una matibabu, na matibabu hayo hufaa yakianza mapema. Mpeleke pia haraka ikiwa sikio linatoa damu, linauma sana, au mzee anaona kizunguzungu kikali.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuhusu kusikia iliyotolewa mwaka 2021, lilisema watu wapatao bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kati yao milioni 430 wanahitaji huduma za urekebishaji. Kwa watu waliopita umri wa miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu unaowatatiza katika maisha ya kila siku. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba kati ya wote wanaoweza kufaidika na kifaa cha kusaidia kusikia, hata mmoja kwa kila watano hanacho.

Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 wenye ulemavu wa kusikia, na watu wa miaka 60 na kuendelea walikuwa zaidi ya milioni 2.7. Ukilinganisha hesabu hizo mbili na ile robo, utaona kwamba wazee wengi wenye shida ya masikio hawakuhesabiwa. Yamkini hata wao wenyewe hawakujitaja, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni ugonjwa.

Hasara haiishii kwenye mazungumzo. Mzee asiyesikia hujitenga, na upweke humletea majonzi. Tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet imeutaja upungufu wa kusikia, katika ripoti zake za 2017, 2020 na 2024, kuwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na ambayo yanaweza kuzuiwa.

Mwaka 2023 jarida hilo lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watu 977 wa umri wa miaka 70 hadi 84. Nusu walipewa vifaa vya kusikia na mafunzo ya kuvitumia, na wengine wakapewa ushauri wa kawaida wa afya. Baada ya miaka mitatu, kwa hesabu ya watu wote pamoja, hapakuwa na tofauti. Lakini kwa kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa na akili, waliosaidiwa kusikia walipungukiwa kwa kasi ndogo zaidi, karibu nusu ya ile ya wenzao. Kwa hiyo tusiseme kwamba kifaa ni kinga kwa kila mtu. Bali tuseme kwamba mzee aliye dhaifu ndiye anayepoteza zaidi akiachwa bila msaada.

Mlezi wa mzee ni nani?

Katika nchi tajiri, makala kama hii ingewalenga wauguzi wa makao ya wazee. Hapa kwetu makao hayo yapo, kama vile Nyumba ya Wazee iliyoko Kasarani na Mji wa Huruma, yote ya Nairobi. Lakini ni machache, na wazee walio wengi wanatunzwa nyumbani.

Chukua mfano wa Kipsongo, mtaa wa mabanda ulioko mjini Kitale, ambao wakazi wake wengi ni wa asili ya Turkana. Hapo utakuta nyanya anaishi na wajukuu katika chumba kimoja. Mama wa watoto ametoka alfajiri kutafuta kibarua. Anayemletea nyanya maji, anayemkumbusha dawa na anayempeleka zahanati ni mtoto wa darasa la sita. Nako Bungoma mashambani kukhu ameachwa bomani na msichana wa kazi, na wanawe wako Nairobi wakimpigia simu ambayo hasikii vizuri.

Mtoto huyo na msichana huyo ndio walezi. Hakuna aliyewafundisha kazi hiyo, na huenda hakuna siku watakayoalikwa katika semina. Lakini mambo wanayohitaji kujua si mengi, na mengi hayana gharama.

Urekebishaji ni nini?

Neno hili halimaanishi kurudisha masikio ya ujana. Maana yake ni kumfundisha mtu, na wale anaoishi nao, kuutumia vizuri usikivu uliobaki, pamoja na macho, kifaa na mazoea mapya ya kuzungumza.

Elimu hii ilipanuka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, pale hospitali za jeshi la Marekani zilipopokea askari wengi walioharibiwa masikio na mizinga. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Raymond Carhart, aliyefanya kazi katika hospitali ya jeshi ya Deshon, Pennsylvania. Pale askari hakupewa kifaa na kuambiwa aende zake. Alichaguliwa kifaa kinachomfaa, akafundishwa kukitumia, akafundishwa kusoma midomo na kuzoeshwa kusikiliza. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo: kifaa bila mafundisho huishia kwenye sanduku chini ya kitanda.

Kipimo unachoweza kufanya nyumbani

Kuna kipimo rahisi cha kunong'ona, ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka katika mwongozo wake wa huduma kwa wazee. Chagua mahali pa kimya. Simama nyuma ya mzee, kiasi cha urefu wa mkono, asiweze kuona midomo yako. Mwombe azibe sikio moja kwa kidole. Toa pumzi, kisha nong'ona maneno matatu ya kawaida au tarakimu tatu, kwa mfano "nne, tisa, mbili", naye ayarudie. Akikosa, jaribu mengine matatu. Akishindwa kurudia angalau matatu kati ya hayo sita, sikio hilo lina upungufu na anafaa kupimwa na mtaalamu. Baada ya hapo pima sikio la pili.

Zingatia lugha. Mzee wa Kipsongo aliyekulia Turkana apimwe kwa Kiturkana, na wa Bungoma kwa Lubukusu ikiwa ndiyo lugha yake. Ukimpima kwa Kiswahili asichokijua sawasawa, utakuwa umepima Kiswahili chake wala si masikio yake. Hata hospitalini, mwambie mpimaji mzee anazungumza lugha gani, na ujitolee kutafsiri.

Unaweza pia kumwita mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako. Zaidi ya 100,000 walipewa mikoba ya vifaa na kusambazwa nchini mwezi Septemba 2023, na kazi yao ni kutembelea nyumba kama yako. Mwambie hivi: "Mzee wangu hasikii, nataka barua ya kumpeleka mbele."

Pa kwenda

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo wanaweza kuangalia kama kuna nta au usaha. Ikihitajika utaelekezwa hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, na kutoka huko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, umbali wa kilomita 70 hivi kutoka Kitale, ambako kuna idara ya masikio, pua na koo.

Vifaa vya kusikia ni ghali. Vikinunuliwa dukani, bei ni makumi ya maelfu ya shilingi, ilhali mzee wa miaka 70 na zaidi aliye katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kabla ya kuuza mbuzi, uliza mambo mawili. Kwanza, uliza hospitali ni huduma gani zinalipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Pili, uliza afisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu katika kaunti yako kuhusu kumsajili mzee na kuomba kifaa. Baraza hilo lina hazina ambayo hutoa vifaa vya usaidizi kwa waliosajiliwa, na usajili huhitaji mzee akaguliwe hospitalini.

Jihadhari na wachuuzi wa vifaa vya bei ya chini visivyopimwa. Kifaa kinachopaza kila sauti kwa nguvu sawa kinaweza kumuumiza mzee, na akishaumia hatakubali tena kifaa kingine.

Mzee akipata kifaa

Kwanza, mwambie mapema kwamba hatasikia kama zamani. Siku za mwanzo atashtushwa na nyayo zake mwenyewe, sufuria zikigongana na kuku uani. Sauti hizo ubongo ulizisahau, na unahitaji wiki kadhaa kuzizoea. Aanze na saa moja au mbili kwa siku, mahali pa kimya, akizungumza na mtu mmoja. Saa ziongezwe pole pole.

Pili, mlezi ajue kukivaa. Mara nyingi chenye alama nyekundu ni cha sikio la kulia, na cha buluu ni cha kushoto. Kikipiga mluzi, huenda hakijakaa sawasawa au sikio limejaa nta. Kipande kinachoingia sikioni kipanguswe kila jioni kwa kitambaa kikavu. Kama kipande hicho hutoka, kitolewe na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kikaushwe vizuri ndipo kirudishwe. Mashine yenyewe isiguswe na maji kamwe.

Tatu, betri. Vifaa vingi hutumia betri ndogo za duara mfano wa kifungo, zenye karatasi ya rangi juu yake. Betri huanza kufanya kazi karatasi hiyo inapobanduliwa, kwa hiyo usiibandue mpaka siku ya kuitumia. Ukishaibandua, ngoja dakika moja kabla ya kuitia. Kulingana na ukubwa wake, hudumu kutoka siku chache hadi wiki mbili tatu. Usiku fungua mlango wa betri ili isiishe bure. Kabla ya kupokea kifaa, hata cha msaada, uliza betri zake zinapatikana wapi na kwa bei gani. Kifaa kisicho na betri ni pambo.

Hapa naomba usome kwa makini ikiwa mzee analala na wajukuu. Betri hizo zikimezwa na mtoto ni hatari kubwa, kwa kuwa zinaweza kuchoma koo kwa muda wa saa chache. Ziweke mahali pa juu, hata zile zilizokwisha. Mtoto akimeza, mkimbize hospitali bila kungoja dalili.

Namna ya kuzungumza na mzee asiyesikia vizuri

Hata mzee asipopata kifaa, mambo yafuatayo yatamsaidia. Yafanye kuwa desturi ya nyumba nzima.

1. Mkaribie kwanza. Usiseme naye ukiwa mlangoni au chumba cha pili. Simama mbele yake, kiasi cha hatua moja.

2. Mwamshe fikira kabla ya kusema. Mguse bega kwa heshima, umwite jina alilozoea: nyanya, kukhu, mzee. Ngoja akutazame.

3. Mwanga uanguke usoni mwako. Nyumba zetu nyingi zina giza ndani. Mkae karibu na mlango, wewe ukitazama nje, ili aone midomo yako. Usiseme huku unatafuna au umefunika mdomo.

4. Punguza kelele. Zima redio, funga bomba, waombe watoto watoke kidogo. Mvua ikipiga mabati, acha mazungumzo ya maana mpaka ipungue. Hata wewe husikii vizuri wakati huo.

5. Sema kwa sauti ya kawaida au iliyozidi kidogo, pole pole, ukitamka kila silabi. Usipige kelele.

6. Mwambie mnazungumzia nini. Anza hivi: "Nyanya, ni habari ya dawa." Akijua mada, atakisia maneno yaliyompotea.

7. Asipoelewa, badili maneno. Ikiwa "usimeze" halisikiki, sema, "Ngoja. Kula kwanza. Halafu dawa." Tumia mikono: onyesha sahani, kisha kidonge.

8. Hakikisha. Usiulize, "Umesikia?" kwa kuwa atajibu "Ndiyo" ili asiudhi mtu. Mwombe akwambie mwenyewe: "Nyanya, hii tutakunywa lini?"

9. Aongee mtu mmoja kwa wakati mmoja. Katika mkutano wa familia, mketishe mahali anapoona nyuso zote, na mtu mmoja awe wa kumweleza yanayosemwa.

10. Usimwambie kamwe, "Wacha, si kitu." Maneno hayo mafupi humwambia kwamba hana sehemu tena katika nyumba.

Kwa mzee anayejua kusoma, ziko simu za kisasa zenye programu inayogeuza maneno yanayosemwa kuwa maandishi, na Kiswahili kimo. Daftari na kalamu nazo hufanya kazi hiyo hiyo bila bando.

Katika wodi na makao ya wazee

Ikiwa unafanya kazi wodini au katika makao ya wazee, au mzee wako amelazwa, mambo machache yafaa kuongezwa. Iandikwe kwenye faili na juu ya kitanda kwamba mgonjwa hasikii vizuri, na sikio lipi ndilo zuri. Kifaa chake kiwekwe katika kikopo chenye jina lake, kwa sababu vifaa vidogo hivi hupotea kwa urahisi katika mashuka yanayopelekwa kufuliwa. Kila asubuhi mtu mmoja aliyetajwa kwa zamu akague mambo matatu: kifaa kimevaliwa, betri inafanya kazi, tundu halijaziba kwa nta.

Tena mzee asipimwe akili kabla hajapimwa masikio. Maswali ya kupima kumbukumbu huulizwa kwa mdomo. Asiyesikia swali hukosa jibu, na huandikiwa kwamba amesahau. Vile vile jina likiitwa foleni na mzee asitokee, muuguzi asidhani ameondoka. Amtafute kwenye benchi.

Haya si hisani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na ya kupata utunzaji unaofaa kutoka kwa familia na Serikali. Mtu hawezi kushiriki katika mambo ambayo hayamfikii masikioni.

Anza leo jioni

Msomaji, huhitaji kungoja siku ya kliniki. Leo jioni, kabla ya chakula, zima redio. Mwendee mzee wako, keti mbele yake mahali penye mwanga, mguse mkono na umngoje akutazame. Kisha umwulize pole pole jambo ambalo yeye peke yake ndiye anayelijua: jina la mtu aliyemzaa mama yake, au mwaka wa njaa ambao familia ilihama kuja mjini.

Ngoja jibu, hata likichelewa. Akijibu sawasawa, utajua kwamba akili iko mahali pake, na kwamba kilichokuwa kimekatika ni njia ya kuifikia. Kesho mpeleke akaangaliwe masikio.